Laini tatu, simu hakuna: Kau inahesabiwaje?

Kabla hatujaenda mbali, tukuulize: una laini ngapi? Sio simu, laini. Hesabu ile iliyo kwenye simu sasa hivi, ile unayoweka ukitaka bando la bei nafuu, na ile iliyo ndani ya pochi ambayo hata nambari yake huikumbuki vizuri.

Swali hilohilo tulienda nalo Kau. Kama hujawahi kufika, Kau ni kijiji cha zamani kando ya Mto Ozi, huku chini kabisa ambako Tana inakaribia Bahari ya Hindi, eneo bunge la Garsen. Kutoka Garsen mjini unashika barabara ya Lamu hadi Witu, unakata kuingia Kipini, halafu kutoka Kipini unapanda mto kwa boti. Watu ni wakulima wa mpunga, ndizi na maembe, wengine wavuvi. Zamani Kau ilikuwa mji wa biashara, vyombo vikipandisha bidhaa kutoka baharini. Siku hizi biashara nyingi inapita kwenye simu, na ndiyo maana tulikuwa pale.

Mama mmoja, mkulima wa mpunga, alitufungulia kifundo cha leso yake. Ndani mlikuwa na laini tatu. Simu hakuna, ilianguka mtoni akivuka. Jioni akitoka shamba anaazima simu ya mtoto wa dada yake, anachomoa laini ya kijana, anaweka yake, anasomewa meseji, kisha anarudisha ya mwenyewe. Tukamuuliza kwa nini laini tatu. Akatueleza pole pole kama mtu anayeeleza jambo la wazi: hii ya kwanza ni ya kupokea pesa. Hii ya pili inashika vizuri zaidi kule shambani. Na hii ya tatu ilikuwa ya marehemu mume wake, ndiyo nambari iliyoandikwa kwenye daftari la kikundi, ndiyo wanunuzi wa mpunga wanayoijua.

Sasa kwenye takwimu za mawasiliano za nchi yetu, huyu mama ni nani? Ni wateja watatu, au si mteja kabisa? Jibu linategemea nani anahesabu. Na tuseme ukweli, sisi tuliosomea soko na mauzo tulifundishwa kupenda lile jibu la kwanza.

Angalia mwaka 2019, kwa sababu mwaka huo Kenya ilihesabiwa mara mbili. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, CA, ambayo hutoa ripoti ya sekta kila robo mwaka, ilisema kufikia Juni 2019 kulikuwa na laini za simu milioni 52.2. Hiyo ni zaidi ya laini moja kwa kila Mkenya, yaani zaidi ya asilimia 100. Agosti mwaka huohuo sensa ikapita nyumba kwa nyumba. Ikapata Wakenya 47,564,296, na ikauliza kila mtu wa miaka 3 kwenda juu kama ana simu yake. Waliokuwa na simu ni milioni 20.7 hivi, asilimia 47.3. Waliotumia intaneti ni asilimia 22.6, na kompyuta asilimia 10.4.

Milioni 52 huku, milioni 20 kule, mwaka mmoja, nchi moja. Hakuna aliyedanganya. CA inahesabu laini zinazofanya kazi, kwa sababu hiyo ndiyo taarifa ambayo kampuni za simu zinaweza kuitoa. Sensa inahesabu watu. Kweli, sensa iliingiza hata watoto wa miaka 3 (mtoto huyo simu ya nini?), kwa hivyo asilimia yake imeshuka kidogo. Lakini hata ukiwatoa watoto wote wadogo, bado pengo ni kubwa sana. Pengo hilo ni laini za akiba kwenye pochi, modemu, mashine za malipo za madukani, na vifundo vya leso kama kile cha Kau. Na ukumbuke laini za kulipia kabla, kwa kipimo cha kimataifa, zinahesabiwa hai zikitumika angalau mara moja ndani ya miezi mitatu. Mama wa Kau anachomeka zake zote tatu kabla ya miezi mitatu kwisha. Kwa hivyo zote tatu ziko hai. Yeye ndiye hana simu.

Kuna hesabu ya tatu, ya minara, au busta kama wengi wetu tunavyoiita. Katika malengo ya maendeleo ya Umoja wa Mataifa kuna kipimo cha watu walio ndani ya eneo lenye netiweki, kikigawanywa kwa aina ya teknolojia, 2G, 3G na kuendelea. Kipimo hicho hakiulizi kama una simu wala kama una kredo. Nyumba yako ikiwa ndani ya duara la busta, wewe umefikiwa. Mwaka 2016 CA ilifanya utafiti wa kutafuta mapengo ya mawasiliano nchini, na netiweki ya sauti ilionekana kufikia zaidi ya asilimia 90 ya watu. Ukiangalia ardhi badala ya watu, haikufika hata nusu ya nchi. Tofauti hiyo inaeleweka ukijua Tana River. Kwa sensa ya 2019 kaunti nzima ina watu 315,943, yaani kama watu 8 kwa kilomita moja ya mraba, wakati wastani wa Kenya ni 82. Kampuni ikipiga hesabu ya dizeli, ulinzi na usafiri wa fundi, busta moja inayohudumia watu wachache hivyo hairudishi pesa zake upesi. Ndiyo sababu kukawekwa Mfuko wa Huduma kwa Wote, ambao kampuni za mawasiliano huuchangia ili sehemu kama hizi zifikiwe.

Lakini mkulima haishi nyumbani peke yake, mchana yuko shamba. Kau tuliona wenyewe: kijijini simu inashika, ukishuka kwenye mashamba ya mpunga inakuja na kupotea, inakuja na kupotea. Mnunuzi wa maembe anataka kulipa palepale mtini, mzigo ukishapakiwa. Tuliona mauzo yakisimama dakika ishirini kwa sababu meseji ya kuthibitisha haijaingia, na mwenye maembe (ana haki kabisa) hawezi kuruhusu boti iondoke. Kwenye ramani ya netiweki, dakika hizo ishirini hazipo.

Ubora wa huduma nao hupimwa, tusiseme haupimwi. CA hutuma vifaa vya vipimo kaunti kwa kaunti, na kampuni inatakiwa kufikia asilimia 80. Vipimo vingi vya aina hii hufanywa kwa gari linalopita barabarani. Sasa wewe jiulize, pale ambapo barabara ni mto?

Dunia yenyewe imehangaika na suala hili muda mrefu. Januari 1985 tume iliyoongozwa na Sir Donald Maitland ilitoa ripoti kwa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ikionyesha kwamba mji mmoja wa Tokyo ulikuwa na simu nyingi kuliko Afrika nzima. Ikapendekeza kwamba mapema katika karne ya 21 karibu kila binadamu awe karibu na simu. Awe karibu tu, wala si kwamba awe na yake. Kwa wakati ule, laini za waya zikichukua miaka kupatikana, lilikuwa ombi kubwa. Mwaka 2009 ITU ikaja na fahirisi ya kulinganisha nchi, ikichanganya upatikanaji, matumizi na ujuzi. Baada ya 2017 ikasitishwa, watu wakibishana juu ya vipimo na data, ikarudi tena 2023. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema nchi fulani imeipita nyingine kwa intaneti, muulize kwanza walipima nini.

Na hapa kuna kitu kinachotuuma sisi wa malipo ya simu. Vipimo hivi vinaweza pia kupunguza. Mtumiaji wa intaneti, kwa kipimo cha ITU, ni mtu aliyeitumia ndani ya miezi mitatu iliyopita, popote, kwa kifaa chochote. Mvuvi wa Kau mwenye kabambe anatuma pesa, analipia karo, ananunua stima ya sola kidogo kidogo, yote bila intaneti hata kidogo. Malipo kwa simu yalipoanza Kenya Machi 2007 yalipita kwenye netiweki ya kawaida ya kupigia na kutuma meseji, na mpaka leo ukibonyeza nyota na reli huhitaji bando. Mtu huyo kwenye safu ya intaneti ni sifuri. Halafu kuna kijana pembeni yake atakwambia hatumii intaneti, huku anasikiliza sauti aliyotumiwa WhatsApp. Ukimuuliza hivyo kwenye fomu, atajibu hapana na roho safi.

Utafiti tunaoupenda zaidi (na ndiyo, tuna maslahi yetu hapo) ni FinAccess, unaofanywa na Benki Kuu, KNBS na FSD Kenya. Wanaenda kwa mtu nyumbani, wanamuuliza anatumia nini. Mwaka 2006, kabla ya pesa za simu, watu wazima waliokuwa na huduma rasmi za kifedha walikuwa asilimia 26.7. Mwaka 2024 walikuwa asilimia 84.8. Hapo laini tatu za mtu mmoja ni mtu mmoja.

Kwa nini tunakusumbua na hesabu hizi zote? Kwa sababu mambo mengi sasa yanatumwa kwenye nambari. Mkulima akisajiliwa kwa mbolea ya ruzuku, ujumbe unakuja kwa simu. Na huku Tana kuna jambo zito zaidi ya pesa. Juu mtoni kuna mabwawa ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga ikijaa na kumwaga, maji huchukua siku kadhaa kufika Garsen na kushuka deltani. Mwisho wa 2023 yalikuja, na Aprili na Mei 2024 yakaja tena. Hizo siku kadhaa ndizo za kuhamisha watoto, mbegu na kuku. Onyo likitumwa kwa meseji kwenye laini tatu zilizo ndani ya kifundo cha leso, kwenye ripoti litaandikwa limefika mara tatu.

Hata sisi tumo. Kwenye mikutano yetu ya kila mwezi tunashangilia idadi ya akaunti zilizo hai. Baada ya Kau tulianza kuuliza swali jingine, wangapi walikamilisha muamala wenyewe, kwa mkono wao, bila kusomewa. Bado hatuna jibu zuri. Na lile onyo letu la kila siku, usimpe mtu PIN yako, lilitushinda kulisema mbele ya yule mama. Simu si yake, macho hayaoni vizuri, anamnong'oneza kijana namba nne kila jioni. Tulimwambia hivi, na wewe kama una mama au shangazi wa hali hiyo, fanya hivyohivyo: ajifunze kuibonyeza PIN mwenyewe kwa kuhesabu vitufe, kitufe cha 5 kina alama unayoweza kuipapasa, na msaidizi asome meseji tu. Alijaribu, akakosea, akajaribu tena. Mwishowe ikakubali.

Kuhusu ile laini ya marehemu, tulimsihi asiendelee kuitegemea. Laini iko kwa kitambulisho cha mtu aliyefariki. Ikifungwa siku moja, hataweza kuidai kwa jina lake, na malipo ya kikundi yatakuwa yameelekezwa huko. Familia iende dukani kwa mtandao husika na cheti cha kifo iulize utaratibu, pesa zilizobaki ndani ni za warithi. Lakini la haraka ni daftari: katibu wa kikundi aandike nambari mpya leo, na wanunuzi waambiwe. Wewe pia, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, ripoti kwa mtandao wako.

Na kule mashambani netiweki inakopotea katikati ya malipo, usitume mara ya pili. Watu wengi hulipa mara mbili hivyo. Subiri, angalia salio, sogea palipo juu kidogo, uangalie tena. Mwenye maembe naye asikubali kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mnunuzi. Asubiri ya kwake.

Tulirudi Kipini jioni, maji yakishuka. Kwenye kona moja ya mto simu zetu zote zikaanza kulia pamoja, meseji za mchana mzima. Nahodha hakushangaa. Alizima injini kidogo, akatoa simu yake mfukoni, akasoma, akatabasamu. Mzigo wake wa ndizi wa asubuhi ulikuwa umelipwa saa nne, na sasa ilikuwa saa kumi na moja na nusu.