Fedha Mkononi: Namna Msaada wa Pesa Unavyobadilisha Maisha ya Familia Maskini

Kila malipo ya Inua Jamii yanapotoka, wazee, walezi wa mayatima na wanaowatunza watu wenye ulemavu huonekana wakielekea kwa maajenti na benki, kutoka Kuresoi na Molo hadi Subukia na Maiella. Wapo wakazi wanaouliza kama shilingi 2,000 zinaweza kumbadilisha mtu maisha. Wengine wana hakika kwamba pesa za bure huishia kwenye pombe. Na wapo wanaostahili kupata lakini hawajui waanzie wapi. Makala haya yanaeleza mpango huu unavyofanya kazi, pesa hizi hufanya nini zikifika nyumbani, na mambo gani pesa pekee haziwezi kufanya.

Inua Jamii ni nini?

Inua Jamii ni mpango wa Serikali ya Kitaifa unaosimamiwa na Idara ya Serikali ya Ulinzi wa Jamii na Masuala ya Wazee. Msingi wake uko kwenye Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na kinaitaka Serikali iwasaidie wasioweza kujikimu wao wenyewe pamoja na wanaowategemea. Kwa hivyo pesa hizi si hisani ya kiongozi yeyote, wala si malipo ya kura. Ni haki ya anayestahili.

Katika kaunti yetu, mpango huu unahudumia makundi matatu. Kundi la kwanza ni wazee waliotimiza miaka 70 na ambao hawapokei pensheni ya Serikali. Kundi la pili ni familia maskini sana zinazolea mayatima au watoto walio katika mazingira magumu. Kundi la tatu ni familia maskini zinazomtunza mtu mwenye ulemavu mkubwa, ambaye anahitaji kuhudumiwa wakati wote.

Mpango wa mayatima ndio uliotangulia. Ulianza mwaka 2004 kama majaribio kwa familia 500 katika Garissa, Kwale na Nairobi. Wakati huo UKIMWI ulikuwa umewaacha watoto wengi mikononi mwa nyanya na babu zao. Mpango wa wazee ulifuata, kisha ule wa watu wenye ulemavu. Mwaka 2018 mpango wa wazee ulipanuliwa ili kila Mkenya wa miaka 70 na zaidi asiye na pensheni aweze kusajiliwa, bila kupimwa kwanza kama ni maskini au la.

Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kuna nyakati malipo huchelewa, yakaja ya miezi kadhaa kwa pamoja.

Shilingi 2,000 hufanya nini?

Tuchukue mfano. Nyanya mmoja wa Kuresoi analea wajukuu wawili wanaosoma shule ya msingi. Ana robo ekari ya viazi, na siku anazojisikia vizuri hufanya kibarua kwenye mashamba ya majirani. Akipata shilingi 2,000, tuseme anatumia 1,000 kwa unga, mafuta na sabuni, na 400 kwa madaftari, kalamu na viatu vya watoto. Shilingi 300 anaweka kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Akifanya hivyo kila mwezi, kwa mwaka atakuwa na shilingi 3,600, na hicho ndicho kiwango cha chini cha mchango wa mwaka. Shilingi 300 zilizobaki anazipeleka kwenye chama. Kikiwa na wanachama kumi, zamu yake ikifika atapokea 3,000, na kwa pesa hizo anaweza kununua kuku wachache wa kienyeji.

Nyanya huyo hajatajirika. Hata hivyo, kuna mabadiliko matatu ambayo ni rahisi kuyapuuza. La kwanza, mwenye duka sasa anakubali kumkopesha mwishoni mwa mwezi, kwa sababu anajua kuna pesa zinazokuja. La pili, mtoto akiugua hatalazimika kuuza viazi vikiwa bado shambani kwa bei ya hasara. La tatu, si lazima mjukuu mkubwa aache shule akatafute kibarua. Kwa mtu maskini, kuwa na uhakika wa kupata kitu kila mwezi kunaweza kuwa na thamani kuliko kiasi chenyewe.

Ni kweli pia kwamba kiwango cha shilingi 2,000 kimekaa hivyo kwa zaidi ya miaka kumi, huku bei ya unga, sukari na nauli ikipanda. Ndiyo maana malipo yakichelewa hata mwezi mmoja, familia kama hii hurudi kwenye madeni.

Somo la Nakuru la mwaka 2008

Wakazi wa Nakuru wana kumbukumbu yao kuhusu msaada wa pesa. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya familia zilipiga kambi katika Uwanja wa Maonyesho ya Kilimo wa Nakuru, Uwanja wa Afraha, Naivasha na kwingineko. Mwaka 2008 Serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Pamoja na mambo mengine, familia zilitengewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na shilingi 25,000 kwa waliochomewa nyumba ili wajenge upya.

Baadhi ya familia zilizoogopa kurudi zilikotoka zilifanya jambo ambalo halikutarajiwa. Ziliunda vikundi, zikachanga zile shilingi 10,000 na kununua vipande vya ardhi, kama ilivyotokea karibu na Mai Mahiu. Fedha ambazo zingekwisha kwa wiki chache zikawa makazi ya pamoja.

Lakini somo lilikuwa na upande wa pili. Vipande hivyo vilikuwa vidogo, mara nyingi vya kutosha hema au nyumba ndogo tu, bila nafasi ya kulima. Kwa muda mrefu wengi walikosa maji na walikuwa mbali na shule na zahanati. Pesa ziliwapa watu uwezo wa kujiamulia, lakini hazikuwaletea barabara wala bomba la maji.

Je, pesa huishia kwenye pombe?

Swali hili limechunguzwa hapa hapa Kenya. Kati ya mwaka 2011 na 2013, watafiti walifuatilia familia maskini za Rarieda, Kaunti ya Siaya, zilizopewa pesa bila masharti na shirika la GiveDirectly. Waliilinganisha hali yao na ya familia ambazo hazikupewa. Familia zilizopewa zilitumia zaidi kwa chakula, zikaongeza mifugo, na nyingi zikabadilisha paa la nyasi kuwa la mabati. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Utafiti huo ulionyesha pia kuwa pesa za kila mwezi zilisaidia zaidi upande wa chakula, nazo zilizotolewa kwa mkupuo zilielekea zaidi kwenye vitu vya kudumu kama mabati.

Hatusemi kwamba hakuna mtu hata mmoja anayelewea pesa hizo. Kila kijiji kina mtu wa aina hiyo, na ndiye anayezungumziwa sana. Nyanya anayenunua daftari hazungumziwi na mtu.

Je, watu huacha kufanya kazi?

Katika Siaya na Bomet, jirani zetu wa Bonde la Ufa, vijiji 295 vilihusishwa katika utafiti mwingine mkubwa. Vingine viliahidiwa pesa kila mwezi kwa miaka 12, vingine kwa miaka miwili, vingine vikapewa kwa mkupuo, na vijiji 100 havikupewa ili viwe vya kulinganishia. Watafiti hawakuona watu wakifanya kazi kidogo kwa jumla. Walichokiona ni watu kupunguza vibarua na kuanza shughuli zao wenyewe, kama vile kuuza mboga au kufungua kibanda. Waliopata kwa mkupuo na walioahidiwa muda mrefu ndio walioanzisha biashara zaidi. Wale wa muda mrefu walitumia vyama vya kuchangiana ili kugeuza pesa ndogo za kila mwezi kuwa mtaji.

Je, bei za vitu hupanda, na jirani asiyepata anaumia?

Utafiti wa tatu, pia wa Siaya, uliangalia vijiji 653 ambamo takriban familia 10,500 zilipata kama shilingi 87,000 kila moja. Bei za sokoni zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu. Hata familia ambazo hazikupewa ziliongeza matumizi yao, kwa sababu pesa zilizungukia dukani, kwa fundi, kwa mwenye bodaboda na kwa muuza mahindi. Watafiti walikadiria kuwa kila shilingi moja iliyotolewa ilizalisha takriban shilingi 2.50 katika uchumi wa eneo hilo.

Tukumbuke kwamba kiasi hicho ni kikubwa kuliko Inua Jamii, na kilitolewa kwa watu wengi wa eneo moja kwa wakati mmoja. Hatuwezi kutarajia matokeo sawa kutokana na shilingi 2,000. Lakini mwelekeo unaeleweka: pesa za maskini hutumika karibu na nyumbani.

Pesa zinahitaji huduma karibu

Mwaka 2025 watafiti walitoa matokeo mengine kutoka vijiji hivyo hivyo vya Siaya. Vifo vya watoto wachanga wa chini ya mwaka mmoja vilipungua kwa karibu nusu katika familia zilizopata pesa. Akina mama walijifungulia hospitalini zaidi, na waliweza kupumzika na kuacha kazi nzito miezi ya mwisho ya ujauzito. Manufaa yalikuwa makubwa zaidi pale ambapo kituo cha afya chenye daktari kilikuwa karibu.

Matokeo haya yanatuhusu moja kwa moja. Inua Jamii ni ya Serikali ya Kitaifa, lakini zahanati na hospitali za kaunti, elimu ya chekechea, maafisa wa kilimo na mifugo, masoko na barabara za vijijini ni kazi za Serikali ya Kaunti. Pesa zinaweza kumlipia mama nauli ya kwenda kituoni, lakini zikimfikisha mlangoni akakuta hakuna dawa, hazijamfaa. Vivyo hivyo, mzee aliyenunua kuku anahitaji kujua chanjo anaipata wapi kabla ugonjwa wa kideri haujawamaliza.

Kwa hivyo mwananchi anayeshiriki vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti ya kaunti anaweza kuuliza swali hili: katika wadi yetu, familia zinazopokea pesa zina huduma gani karibu nazo? Swali hilo lina uzito sawa na lile la kiasi cha pesa.

Nani asajiliwe, na vipi?

Kufikisha miaka 70 hakufanyi jina liingie kwenye orodha lenyewe. Lazima usajiliwe wakati zoezi la usajili linapotangazwa. Fanya yafuatayo:

1. Hakikisha una kitambulisho cha taifa, na kwamba jina na tarehe ya kuzaliwa ni sahihi. Makosa kwenye kitambulisho huwakwamisha wazee wengi, hivyo yarekebishwe mapema.
2. Mwone chifu au naibu wa chifu wako, au afisa wa maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo yako, uulize kuhusu usajili.
3. Kwa mtu mwenye ulemavu, anza mapema mchakato wa kupimwa hospitalini na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.
4. Kwa walezi wa mayatima, weka pamoja vyeti vya kuzaliwa vya watoto na vyeti vya vifo vya wazazi, kama vipo.
5. Mzee asiyeweza kutembea ana haki ya kuwa na mlezi wa kumpokelea pesa. Mlezi huyo awe mtu anayeaminika na aandikishwe rasmi.

Linda pesa zako

Usajili haulipiwi. Anayekuomba "kitu kidogo" ili aweke jina lako anakuibia. Usimpe mtu yeyote nambari yako ya siri, hata akisema ametumwa na benki au na Serikali. Unapopokea pesa kwa ajenti, hesabu mbele yake na uombe risiti. Kadi yako isiwekwe rehani kwa mwenye duka wala kwa mkopeshaji.

Mnufaika akifariki, familia impashe habari chifu ili mabadiliko yafanywe. Kuendelea kuchukua pesa za marehemu ni kosa. Na unapoitwa kuthibitisha kwamba uko hai, nenda kwa wakati, kwani wanaokosa huweza kusimamishiwa malipo.

Ukiwa na malalamiko kuhusu malipo yaliyokosekana au kukatwa, anza na kamati ya ustawi wa wanufaika ya eneo lako au ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Beba kitambulisho, na uandike tarehe uliyofika pamoja na jina la afisa aliyekuhudumia.

Na kama una jirani mzee anayeishi peke yake na hana wa kumpeleka kwa chifu, mpitie siku ya baraza mwende pamoja.