Mikono Miwili ya Kushoto

Gauni lilikuwa la sendofu, satini ya zambarau yenye uso unaong'aa na mgongo uliofifia. Nilikata mkono wa kwanza, nikahamisha patani, nikakata wa pili. Nilipoishika yote miwili mbele ya kioo, jasho likanitoka: yote ya kushoto. Nilisahau kugeuza patani. Kitambaa kilikuwa cha mteja na duka lilishamaliza rangi ile. Macho yangu yalikuwa mezani, lakini akili ilikuwa shuleni kwa mwanangu, ikipiga hesabu ya ada.

Shangazi aliyenifundisha cherehani hakujibu hodi akiwa ameshika mkasi. Mgeni alisubiri mlangoni. Lakini akifika kwenye pindo, ulimi ulifunguka: harusi za watu, madeni, ndoto ya jana. Nilidhani ni ukali na umbea tu. Kumbe alijua kazi ipi inataka akili nzima na ipi inaridhika na nusu.

Mwaka 2010, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walichapisha utafiti wa watu wazima 2,250. Simu zao ziliwauliza nyakati tofauti za siku: unafanya nini, unawaza nini, unajisikiaje? Katika asilimia 46.9 ya majibu, akili ilikuwa kwingine. Na ilipokuwa kwingine, furaha kwa kawaida ilipungua. Hata waliowaza mambo mazuri hawakuwazidi furaha waliozama katika shughuli yao.

Ukiishia hapo utasema akili inayozurura ifungwe kamba. Lakini mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake, pia wa Marekani, walieleza kuwa yapo maeneo ya ubongo yanayochangamka mtu anapokaa bila kazi maalumu, na kutulia anaposhika kazi ya umakini. Ubongo ni takribani asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula takribani asilimia 20 ya nishati yake, na hata ukipewa fumbo gumu ulaji huo huongezeka kidogo tu. Mtu aliyekaa anatazama dari, ubongo wake uko kazini: unakumbuka, unapanga kesho, unaunganisha la jana na la leo.

Gauni lile liliokolewa na pindo. Siku mbili baadaye nilikuwa nakunja sketi za shule, mguu unakanyaga wenyewe, gauni nimelisahau kabisa. Ghafla nikaliona: ule mkono wa pili ulikuwa mrefu na mpana mpaka chini. Nikishuka chini ya kichwa cha mkono kilichokosewa, pale unapoungana na bega, kilichobaki kinatosha mkono wa kulia wa kuishia kiwikoni. Wa kushoto nikaufupisha ulingane, nikamalizia yote kwa lesi. Mteja, niliyemweleza ukweli wote, alivaa akacheza.

Kwa hiyo msomaji, usiigombeze akili yako kwa kutembea. Itembee ukiosha vyombo, ukichambua mchele, ukisubiri basi, na wakati huo usiizibe kwa simu. Ila ukishika cha kukata, iite irudi. Ikikung'ang'ania na ada, iandike ada kwenye karatasi, uendelee. Mimi patani zangu zote za mikono sasa zina neno moja kwa wino mwekundu: GEUZA.