Jina Moja, Mimea Mingi: Namna ya Kutofautisha Okidi za Chikanda

Chikanda inajulikana na wengi wetu kama chakula kabla ya kujulikana kama mmea. Viazi vidogo vya porini hukaushwa, hutwangwa, huchanganywa na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi, kisha hupikwa mpaka mchanganyiko ushikane na kukatwa vipande. Zambia ndiko chakula hiki kilikoenea zaidi, na huliwa pia Lubumbashi na penginepo Katanga. Viazi hivyo ni vya okidi, mimea ya maua inayoota ardhini kwenye mbuga za nyasi na sehemu zenye majimaji za nyanda za juu, kuanzia kusini mwa Tanzania hadi Katanga.

Tumchukue mwanafunzi wa isimu anayekusanya majina ya mimea huko Kirungu, chini ya milima ya Marungu. Anaonyeshwa ua, anaambiwa jina, anaandika: “aina ya ua la porini”. Kesho anaonyeshwa ua lingine, anaambiwa jina lilelile, anaandika vilevile. Kwake kazi imekwisha. Makala haya yanaeleza kwa nini haijaisha, na jinsi anavyoweza kuikamilisha bila kuwa mtaalamu wa botania.

Tuanze na jina lenyewe. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, Kitabwa cha Marungu ni M41 na Kibemba ni M42, yaani ndugu wa karibu. Kiambishi chi- cha “chikanda” kinalingana na ki- ya Kiswahili. Lakini jina hili halitaji spishi moja. Linakusanya mimea ya jenasi kadhaa, hasa Disa, Satyrium na Habenaria, kwa sababu viazi vyake hufanya kazi moja chunguni. Mchimbaji hakosei kuyaita yote chikanda. Swali lake ni “kinafaa kupikwa?” Mtaalamu wa botania anauliza swali jingine: “mmea huu unazaana na upi?” Kila jina ni jibu la swali fulani, na kamusi nzuri husema ni swali lipi.

Sasa tutazame ua. Rangi ndiyo inayovutia jicho kwanza, nayo ndiyo inayodanganya zaidi. Disa erubescens na Disa ornithantha zote zina wekundu wa moto. Satyrium buchananii na Satyrium trinerve zote huchanua maua meupe. Badala ya rangi, tafuta mkia: bomba jembamba linalotokeza nyuma ya ua, ambamo mara nyingi nekta hukaa. Hesabu mikia, kisha uliza inatoka wapi.

Ikiwa mikia ni miwili, na petali iliyo tofauti na nyingine, inayoitwa mdomo, iko juu kama kofia, hiyo ni Satyrium. Okidi nyingi hujipinda zinapokua hata mdomo ukaja chini. Satyrium haijipindi hivyo. Ikiwa mkia ni mmoja, nao unatoka kwenye kofia iliyo juu ya ua, huku mdomo ukiwa mdogo na mwembamba, kwa kawaida hiyo ni Disa. Ikiwa mkia ni mmoja lakini unatoka chini, kwenye shina la mdomo, na ua ni la kijani au jeupe lenye mdomo uliogawanyika mara tatu, yaelekea ni Habenaria.

Ukishajua jenasi, pima. Satyrium buchananii ina mikia mirefu ya sentimita kadhaa. Ile ya Satyrium trinerve ni mifupi sana, ya milimita chache tu. Kwa hiyo maua mawili meupe yanayofanana kwa mbali yanatenganishwa na rula ya shule. Urefu huo una maana katika maisha ya mmea: mkia mrefu unamfaa mdudu mwenye ulimi mrefu, kama nondo anayetafuta maua meupe usiku. Wageni wa mchana wenye ulimi mfupi hawaifikii nekta iliyo mwishoni.

Baadhi ya majina ya Kilatini yenyewe ni maelezo mafupi. Satyrium longicauda ni “mkia mrefu”, trinerve ni “mishipa mitatu”, ornithantha ni “ua-ndege”. Mengine hayasaidii: buchananii ni kumbukumbu ya mtu, na Satyrium neglectum ni “lisilojaliwa”.

Shida kubwa iko sokoni. Kiazi kikishafukuliwa na kukaushwa, mikia na mdomo havipo tena, na jicho haliwezi kuamua. Ndiyo maana katika miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, akiwemo Sarina Veldman, walitumia DNA kutambua okidi zilizomo katika viazi na hata katika chikanda iliyopikwa.

Kwa nini kujisumbua hivyo? Okidi hizi kwa kawaida huwa na viazi viwili: cha zamani, kilicholisha shina la mwaka huu na sasa kinanyauka, na kipya, kilichojaa, kilichowekewa mwaka ujao. Mchimbaji hutaka kile kilichojaa. Akikichukua, mmea hauna mwaka ujao. Mwaka 2003, Tim Davenport na Henry Ndangalasi walikadiria katika jarida la Oryx kwamba kati ya viazi milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikipelekwa Zambia kila mwaka kutoka Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, na kwamba spishi zipatazo 85 zingeweza kuwa hatarini. Mwaka 2005 Kitulo, inayoitwa “Bustani ya Mungu”, ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Biashara ya kimataifa ya okidi zote inasimamiwa na mkataba wa CITES.

Hapa ndipo jina linapokuwa na uzito. Spishi inayopendwa ikipungua, wachimbaji huhamia inayofuata, au huvuka mpaka kuitafuta kwingine. Sokoni kitu kinaendelea kuitwa chikanda, kipande kinauzwa kama jana. Jina limebaki, mmea ulio chini yake umebadilika, na mnunuzi hana neno la kumwambia kwamba kitu kimetoweka. Lakini wachimbaji wenyewe hujua viazi bora na viazi vya kujazia tu, nao huvitenga kwa majina. Majina hayo madogo ndiyo mkusanyaji anayoyaacha anaporidhika na jina kubwa.

Kazi ya kukusanya maneno si ngeni kwetu: kamusi ya Kitabwa na Kifaransa ya Padre Auguste Van Acker ilichapishwa mwaka 1907. Sisi tunaoiendeleza tunaweza kuongeza maswali matano kwa kila ua tunaloonyeshwa. Mikia mingapi, na inatoka wapi? Mirefu kiasi gani? Mdomo uko juu au chini? Linaota penye maji au pakavu? Na baada ya jina la kwanza: “Je, kuna majina mengine ya kulitenga na ndugu zake, na nani anayajua?” Picha ya ua likiwa limesimama shambani, pamoja na rula, hutosha, hakuna haja ya kung'oa chochote.

Kisha badala ya “aina ya ua la porini”, kamusi iandike: “okidi ya ardhini yenye ua jeupe na mikia miwili mirefu, kiazi chake huliwa, huhesabiwa katika chikanda”. Ni mstari mmoja zaidi, lakini atakayeusoma baada ya miaka hamsini ataweza kwenda Marungu na kuangalia kama ua hilo bado lipo.