Tangi la Samaki Nyumbani: Chujio Lichaguliwe kwa Kipimo

Samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika hupendeza sebuleni, lakini wengi hufa katika majuma ya kwanza, ilhali maji ya tangi yangali maangavu. Mara nyingi sababu ni amonia, sumu isiyoonekana, itokayo katika kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. Maji ya ziwa hilo ni ya alkali, na ya tangi lao hutakiwa yawe vivyo hivyo. Katika maji ya namna hiyo amonia huwa kali zaidi.

Basi kazi ya chujio si kuondoa taka tu, bali ni kuwa makao ya bakteria. Hao hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, isiyo kali sana, ambayo hupunguzwa kwa kubadili sehemu ya maji kila juma.

Kabla ya kununua, pima tangi. Lenye urefu wa sentimita 80, upana 35 na kina 40 huchukua lita 112. Pampu na ipitishe maji hayo mara nne kwa saa, yaani lita 450 hivi. Samaki wakiwa wengi, izidi. Sponji nayo iwe kubwa, kwani ndiyo nyumba ya bakteria.

Sponji ioshwe kwa maji yaliyotekwa tangini, maana klorini ya maji ya bomba huua bakteria. Umeme ukikatika, usilishe samaki mpaka urudi. Aidha, bakteria huhitaji majuma manne hadi sita kuongezeka. Kwa hiyo, ndugu msomaji, anza na samaki wachache, uongeze kidogo kidogo.