Baridi ya Brazil, Sifa za Nairobi

Julai 1975, baridi kali iliunguza mibuni ya jimbo la Paraná, Brazil. Kahawa ikaadimika duniani. Ratili moja, ambayo awali haikufika dola 1, mwaka 1977 iliuzwa kwa zaidi ya dola 3. Wakulima wa Kiambu, Nyeri na Murang'a wakapokea malipo ambayo hawakuwahi kuyaona, na huko Chepkube mpakani, kahawa ya Uganda ikavushwa kwa magendo hadi Kenya.

Mwaka huo wa 1977 uchumi wa Kenya ulikua kwa zaidi ya asilimia 9. Rais alikuwa Jomo Kenyatta, lakini baridi ya Paraná hakuileta yeye. Sifa anayostahili serikali yake ni nyingine, na si ndogo: iliacha sehemu kubwa ya bei ile imfikie mkulima badala ya kuimeza kwa kodi.

Daniel arap Moi aliapishwa kumrithi Agosti 1978, bei zikiwa zimeanza kushuka. Mwaka uliofuata mapinduzi ya Iran yakapandisha bei ya mafuta. Kumlaumu kwa hayo ni kumwonea. Kashfa ya Goldenberg, iliyochota mabilioni ya umma miaka ya 1990 kwa kisingizio cha kuuza dhahabu nje, ni habari tofauti kabisa. Hiyo haikutoka mbinguni wala sokoni.

Moi alipoondoka mwaka 2002, uchumi ulikua kwa takriban nusu asilimia tu. Miaka mitano baadaye, chini ya Mwai Kibaki, ulikaribia asilimia 7. Ni kweli dunia nzima ilikuwa inanawiri wakati huo. Hata hivyo, si dunia iliyofufua kampuni ya maziwa ya KCC. Serikali iliitwaa tena mwaka 2003, na wafugaji waliokuwa wamekata tamaa wakapata tena pa kupeleka maziwa yao. Kazi ya namna hiyo ina mwenyewe, na inafaa atajwe.

Kisha ukaja mwaka 2008, rais akiwa yule yule, na ukuaji ukaporomoka hadi chini ya asilimia 2. Ukame na msukosuko wa fedha duniani vilichangia. Lakini mzozo wa uchaguzi wa Desemba 2007 ulikuwa wa viongozi wenyewe. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa, reli iling'olewa Kibera, na mafuta yakaadimika hadi Uganda na Rwanda.