Mchezaji Aliyegeuka Msimulizi (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita nilieleza jinsi mchezo wa snuka ulivyozaliwa mwaka 1875 miongoni mwa maofisa wa jeshi la Kiingereza mjini Jabalpur, Bara Hindi, na jinsi meza yake, yenye urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, inavyozizidi kwa mbali zile meza ndogo za pool ambazo vijana wetu wa Kitui, Mwingi, Wote na Kibwezi huzizunguka jioni, mmoja akiinama kulenga na kumi wakimwelekeza la kufanya. Leo muradi wangu ni kumtaja mtu aliyeucheza mchezo huo kwa ustadi, kisha akaja kuusimulia kwa ustadi uo huo. Maana naamini kwa dhati kwamba msimulizi aliyepata kucheza huona jambo ambalo mwingine, hata akijaaliwa lafudhi tamu namna gani, halioni: humwona mchezaji angali katika kukusudia.

Mtu huyo ni Dennis Taylor, aliyezaliwa tarehe 19 Januari 1949 mjini Coalisland, Ireland ya Kaskazini, akahamia Uingereza angali kijana, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaingia katika safu ya wachezaji wa kulipwa. Mwaka 1979 alifika fainali ya dunia, akashindwa na Terry Griffiths, na kwa muda mrefu akahesabiwa miongoni mwa wale walio mahiri lakini hawakuandikiwa taji. Udhia wake mmoja ulikuwa macho. Mchezaji wa snuka huinama hata kidevu kikaigusa fimbo, na avaaye miwani ya kawaida, akiinama hivyo, hujikuta akitazama juu ya ukingo wa vioo vyake, asiuone sawasawa mpira ulioko upande wa pili wa meza. Jack Karnehm, ambaye naye alikuwa mchezaji na mtangazaji, alimtengenezea miwani yenye vioo vipana vilivyopandishwa hadi juu ya nyusi, hata mtazamaji akadhani imevaliwa juu chini. Nayo ikawa alama yake duniani kote.

Kwa miwani hiyo aliingia ukumbi wa Crucible mjini Sheffield, Aprili 1985, kukabiliana na Steve Davis, bingwa wa dunia wa mwaka 1981, 1983 na 1984. Wakati huo nchi yetu ilikuwa na kituo kimoja tu cha televisheni, basi habari hii haikuvuma kwetu kama ilivyostahili. Fainali ilikuwa ya duru 35, mshindi akiwa atakayetangulia kufikisha 18. Davis alichukua nane za kwanza mfululizo. Taylor alianza kumfuata polepole, akawa nyuma 15 kwa 17, akasawazisha 17 kwa 17, na duru ya mwisho ikachukua dakika 68. Ilipobaki mipira minne ya rangi, Davis alikuwa na alama 62 na Taylor 44. Taylor akaingiza wa kahawia, wa samawati na wa waridi, na ukasalia mweusi peke yake, wenye alama saba, nao ndio ulioshika taji. Mmoja akakosa, na mwingine akakosa, hata Davis akapata nafasi ambayo siku nyingine asingeipoteza, akaukata mpira kupita kiasi. Ndipo Taylor akautia shimoni, akainua fimbo yake kwa mikono miwili juu ya kichwa. Saa sita za usiku zilikuwa zimekwisha pita, na watu milioni 18.5 wa Uingereza walikuwa bado macho. Katika fainali nzima Taylor hakupata kutangulia mpaka mpira ule wa mwisho.

Aliyesimulia usiku ule alikuwa Ted Lowe, mtu wa kunong'ona, tabia aliyoipata zamani alipokuwa akitangaza akiwa ameketi miongoni mwa watazamaji, akichelea kuwakera wachezaji. Lowe alikuwa bingwa wa kujua wakati wa kunyamaza. Taylor, alipoingia katika kazi hiyohiyo katika BBC, na zaidi baada ya kustaafu uchezaji mwaka 2000, aliongeza maarifa ya mkono. Ukiupiga mpira mweupe chini ya kitovu chake, ukishagonga mwenziwe hurudi nyuma. Ukiupiga juu, huendelea mbele. Ukiupiga ubavuni, hubadili njia pindi ugusapo ukingo. Mtazamaji wa kawaida huangalia kama mpira umeingia, ilhali aliyecheza huangalia mweupe utatulia wapi, kwa kuwa hapo ndipo pigo lifuatalo linapofanikiwa au kuharibika. John Virgo, bingwa wa Uingereza wa mwaka 1979, aliyetangaza pamoja na Taylor miaka mingi, alijulikana sana kwa kuuulizia mpira huo mweupe kwa wasiwasi wa mtu aliyepata kuuponza mwenyewe.

Nayasema haya kwa Wakamba wenzangu nikiwa na haja. Kitui ilimzaa Benson Masya, aliyeanza na ngumi, akageukia mbio, akashinda mashindano ya kwanza ya dunia ya nusu marathoni mjini Newcastle mwaka 1992, pamoja na marathoni ya Honolulu mara tatu. Alifariki mwaka 2003 akiwa na umri wa miaka 33, umri ambao Taylor alikuwa hajalishika bado taji lake. Wako wengine waliokimbia, waliopigana ulingoni na waliocheza kandanda, nao wangali hai katika vijiji vyetu. Redio zinazotangaza kwa Kikamba zinasikika kutoka Mwingi hadi Mtito Andei. Siku ya mashindano ziwaite wazee hao, ziwape kipaza sauti, na kijana wa studio akae kando yao awaulize mkimbiaji yule anakusudia nini kabla hajaongeza mwendo.