Mgeni njoo, lakini je, mwenyeji atapona?

Na MWANDISHI WETU

KILA mwaka ifikapo Juni, vyuo vya Ulaya na Marekani vinapofunga kwa likizo ndefu, sura ngeni huanza kuonekana ndani ya matatu za Likoni, Kisauni na Changamwe. Ni vijana wa kigeni, mabegi mgongoni, na wengine koti jeupe limekunjwa mkononi.

Hawa hawakuja kuota jua ufuoni Bamburi wala Diani. Ni wanafunzi wa udaktari na uuguzi, na wengine hata hawajaanza masomo hayo, waliokuja kujitolea katika zahanati na hospitali zetu kwa majuma mawili, mwezi au miezi miwili.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni anaposhika sindano, methali hiyo yataka kutazamwa upya.

Hebu msomaji chukua mfano huu. Mama mmoja wa Mtongwe ameamka alfajiri, mwanawe wa miezi minane akichemka kwa homa. Afika zahanati saa moja, akuta foleni imefika langoni. Saa nne ndipo anapoitwa. Ndani yuko muuguzi mmoja aliyechoka, na kando yake kijana wa kigeni.

"Karibu mama. Daktari huyu atamtoa mtoto damu kidogo," asema muuguzi.

Mama hajui kwamba "daktari" huyo yuko mwaka wa pili chuoni, na kwamba kwao hajaruhusiwa kumdunga mtoto mchanga hata mara moja. Je, akatae? Na akikataa, ni nani atakayemhudumia?

Mfano huo ni wa kubuni, lakini swali lenyewe ni la kweli.

FAIDA ZIPO

Tusiwe wachoyo wa shukrani. Mikono ya ziada ina kazi. Shirika la Afya Duniani limependekeza madaktari, wauguzi na wakunga wasiopungua 44.5 kwa kila watu 10,000, na Kenya bado iko chini ya kiwango hicho. Katika zahanati ambako muuguzi mmoja huandika, hupima, hudunga na kutoa dawa, kijana wa kupima uzito wa watoto, kupima presha na kupanga kadi za chanjo humpunguzia mzigo.

Isitoshe, msimu wao huangukia wakati ambao kazi ni nyingi. Mvua za masika zinapopungua hapa Pwani, mbu huwa wameshazaana na wagonjwa wa malaria huongezeka.

Kwa upande wake, mwanafunzi huona yale ambayo kwao huyasoma vitabuni tu. Huona malaria kali, kifua kikuu kilichochelewa kutibiwa na ugonjwa wa seli mundu unaozisumbua familia nyingi za Pwani. Hujifunza kumtazama mgonjwa kwa macho na vidole kabla ya kukimbilia mashine. Daktari aliyepitia Port Reitz au Likoni akiwa kijana huenda akawa mtu wa kutufaa hata baada ya miaka ishirini.

Vile vile, kodi ya nyumba, chakula na nauli wanazolipa huishia mifukoni mwa wenyeji.

LAKINI KUNA HASARA

Hasara ya kwanza ni ya lugha. Mama akisema mtoto "tumbo lamsokota" au yeye mwenyewe "asikia kizunguzungu", mgeni hubaki ameduwaa. Muuguzi aliyetarajiwa kusaidiwa sasa hugeuka mkalimani, na foleni huzidi kurefuka.

Pili ni heshima. Katika mitaa yetu, mama wa Kiislamu hatarajii kuvuliwa mtandio na kijana wa kiume asiyejua hata kubisha hodi. Mama huyo huenda asilalamike. Atanyamaza, na mwezi ujao asirudi kliniki. Kliniki ikipoteza mja mzito mmoja kwa njia hiyo, hasara yake haionekani kwenye daftari lolote.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, ni kufanya kazi ambayo mtu hajaisomea. Majirani zetu wa Uganda walionja uchungu huo. Mwaka wa 2019, akina mama wawili pamoja na shirika la mawakili wanawake walimshtaki Mmarekani mmoja aliyefungua kituo cha watoto wenye utapiamlo huko Jinja. Alikwenda huko akiwa msichana mdogo, bila mafunzo ya udaktari. Kati ya 2010 na 2015 watoto 105 walifariki wakiwa chini ya kituo hicho. Mwenyewe alikana kwamba alijifanya daktari, na kesi ikamalizwa nje ya mahakama mwaka wa 2020 bila ya yeye kukiri kosa. Hata hivyo, funzo lilibaki: nia njema si leseni.

Nne ni zawadi zisizofaa. Mashine iliyotengenezwa kwa umeme wa volti 120 wa Marekani huungua ikichomekwa moja kwa moja katika umeme wetu wa volti 240. Dawa iliyobakiza mwezi mmoja kuharibika ni mzigo tu kwa anayepokea.

Na picha je? Mtoto mgonjwa wa Kisauni hupigwa picha mikononi mwa mgeni, kisha sura yake ikasambazwa dunia nzima. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwanza.

VIJANA WETU JE?

Kuna jambo jingine linalouma. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, kina matawi hapa Mombasa na Port Reitz. Wanafunzi wake pia wanahitaji wagonjwa wa kujifunzia, na wao wanakijua Kiswahili. Nafasi kando ya kitanda ni chache. Anayelipa kwa dola asimsukume kando mtoto wa Changamwe ambaye ndiye atakayebaki kututibu.

Tukumbuke pia kwamba mgeni hawezi kuziba pengo la mwajiri. Madaktari wa serikali waligoma kwa siku 100 kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Wauguzi nao wakagoma kwa miezi mitano mwaka huo huo wa 2017. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma tena kwa siku 56, na malipo ya madaktari wanagenzi yalikuwa kiini cha ugomvi. Ni ajabu kuwa na vijana wetu waliohitimu wakingoja kazi nyumbani, huku tukimshangilia mgeni wa wiki mbili.

MFANO WA ELDORET

Si lazima mambo yawe hivyo. Tangu 1989, Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana cha Marekani wamekuwa wakishirikiana. Wanafunzi wa huko huja Eldoret, na wa Eldoret nao huenda huko. Madaktari wao huwapo mwaka mzima, si msimu wa likizo tu. Ushirikiano huo ndio uliozaa mpango wa AMPATH mwaka wa 2001, ambao umewatibu maelfu ya wagonjwa wa Ukimwi magharibi mwa Kenya. Siri yake ni mbili: kukaa muda mrefu, na kupokezana.

UFANYE NINI?

Wewe mzazi unayempeleka mtoto zahanati, una haki ya kuuliza: "Mwanangu, wewe ni daktari ama mwanafunzi? Uko mwaka wa ngapi? Nani anakusimamia?" Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yataka uelezwe kabla ya kukubali matibabu, na unaweza kukataa. Uliza kwa upole, lakini uliza.

Wasimamizi wa hospitali nao waweke kanuni moja nyepesi: lile ambalo mwanafunzi haruhusiwi kulifanya kwao, asilifanye hapa. Avae kitambulisho kinachosema MWANAFUNZI, na asiachwe peke yake na mgonjwa.

Na wewe kijana wa ng'ambo, au hata wa Nairobi unayetaka kuja Pwani, chanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B kabla ya kufunga safari. Ukidungwa na sindano iliyotumika, sema mara moja, kwani dawa za kukinga virusi vya Ukimwi hazina budi kuanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28. Jifunze Kiswahili cha salamu na cha maradhi. Na usione haya kufagia, kuandika na kubeba maji.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hilo hatulikatai. Ila kabla hatujampa jembe, tumtazame kwanza kama anajua kupalilia, asije akatukatia mahindi.